Mvua Ndani ya Chupa

Mwalimu alikuwa mtu wa subira kuliko wengi. Chaki mbovu aliivumilia, madirisha yasiyo na vioo aliyavumilia, na wanafunzi waliosinzia kipindi cha baada ya chakula aliwaacha wasinzie mpaka wakorome. Jambo moja tu lilimpandisha mori, nalo ni kuambiwa kwamba anafundisha vitu visivyokuwepo. Mumewe, fundi wa kufuli mwenye utani usiokwisha, alimwambia hivyo karibu kila jioni, lakini kwa mume mtu huweza kununa kidogo halafu akapakua chakula. Darasani ni mambo mengine.

Alhamisi hiyo alikuwa akiwafundisha kidato cha tatu kuhusu chembe zinazounda kila kitu. Aliigonga meza yake kwa kifundo cha kidole.

"Meza hii," alisema, "sehemu yake kubwa ni utupu."

Wakacheka. Alipenda wacheke hapo. Kila mwaka walicheka hapo hapo.

"Chekeni tu. Chukua meza uikate vipande, kisha ukate kipande, kisha ukate chenga za kipande, mpaka kisu kikushinde na macho yakushinde. Utafika kwenye atomu. Sasa atomu ingekuwa kubwa kama uwanja wetu wa mpira, pale katikati ungekuta kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Hicho ndicho kiini. Karibu uzito wote wa atomu umo kwenye hiyo punje. Elektroni ziko huku nje, kwenye magoli, nyepesi mno, hazitulii. Na kati ya punje na magoli hakuna kitu. Si hewa, si vumbi. Hakuna."

Akaandika ubaoni protoni na nyutroni, akawaeleza kwamba hizo mbili ndizo zinazojaza kiini, ya kwanza ina chaji na ya pili haina, na kwamba kila moja ukizidi kuichungulia utakuta ndani yake vidude vitatu vinavyoitwa kwaki. Huko ndiko wataalamu walikofika, wakakwama.

"Kuna viini vingine," aliendelea, "vimejaa kupita kiasi. Havitulii. Hivyo hutapika. Hurusha chembe na miale mpaka vipate nafuu. Hiyo ndiyo mnayosikia ikiitwa mionzi."

Mkono uliinuka kule nyuma. Alikuwa yule msichana waliyembandika jina la Wakili, maana hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulihoji.

"Mwalimu, samahani. Wewe umewahi kuziona?"

"Hakuna anayeziona kwa macho."

"Kwa hiyo tunaamini tu? Kama mambo ya majini?"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu naye alicheka, cheko la kujikaza, lakini alipokuwa akikusanya vitabu vyake masikio yalikuwa yanamwaka. Kabla hajafika getini alikuwa ameshakata shauri kwamba atawaonyesha.

Njia aliijua tangu chuoni. Inatakiwa chupa pana ya kioo, kitambaa kilichoroweshwa spiriti kikabanwa juu kwa ndani, na chini yake barafu kavu, ile inayofuka moshi bila kuacha maji, ambayo wauza aiskrimu huiweka kwenye masanduku yao. Mvuke wa spiriti hushuka, hupoa, hukaa pale ukingoni mwa kuwa matone. Chembe yenye chaji ikikatiza humo, huacha nyuma yake uzi mweupe wa vitone, na uzi huo hufutika mara moja. Chembe yenyewe huioni ng'o. Unaona ilikopita, basi. Lakini kwa Wakili hilo lingetosha.

Jioni hiyo mumewe alirudi amechangamka. Siku nzima alikuwa nje ya mji, kwenye mtaro ambako kampuni moja ilikuwa ikiunganisha mabomba makubwa. Kabati lao la chuma lilikuwa limegoma kufunguka, wakamwita, naye akalifungua kabla chai waliyomkaribisha haijapoa.

"Na tazama nilichokiokota," alisema.

Alikuwa ameshakifunga kwenye funguo zake. Ni kipande cha waya wa chuma uliosokotwa, urefu wa kidole, kinang'aa kama kimetoka dukani. Upande mmoja kilikuwa na kishikio kama ndoana, upande wa pili kidonge kidogo cha chuma kilichozibwa vizuri.

"Na kama kina mwenyewe?"

"Kina mwenyewe kimelala mchangani? Wewe nawe, Mwalimu. Watu hawa wanatupa vitu vya maana ungelia."

Fundi hakuwa mtu wa kupita chuma chini. Misumari, nati, vipande vya minyororo, vyote aliviokota, na ni kweli kwamba baada ya mwezi au mwaka kila kimoja kilipata kazi. Hiki kilipata kazi siku hiyo hiyo. Alikuwa amekaa nacho kwenye mfuko wa suruali tangu asubuhi. Mwalimu alikipokea, akakigeuzageuza kiganjani, akakisifia kilivyosokotwa. Mwalimu wa fizikia, mwenye cheti ukutani. Akamrudishia, naye Fundi akazitundika funguo mahali pake.

Mahali pake palikuwa ukuta wa ndani wa sebule, ule usio na dirisha. Hapo Fundi alipigilia safu za misumari, na kila msumari ulibeba funguo: za wateja, za vielelezo, za kufuli ambazo hata hazikuwepo tena. Chini ya ukuta huo ndipo lilipotandikwa godoro la binti yao. Walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Alikuwa darasa la nne na alipenda kulala hapo, kwa sababu upepo ukiingia funguo ziligongana na kulia.

Ijumaa Fundi aliamka anatapika.

"Ile chai ya kwenye mabomba," alisema akiwa ameinamia ndoo. "Nilijua tu. Maziwa yalikuwa yananukia vibaya."

Mama yake, aliyeishi nao, alimpikia uji mwepesi na kumlaza. Paja lake la kulia lilikuwa jekundu kama limechomwa na pasi. Hilo nalo walilipatia sababu: mafuta ya kulainishia kufuli yalikuwa yamemwagika yakapenya kwenye suruali. Mwalimu alimnunulia dawa ya tumbo na marhamu ya ngozi kwenye duka la dawa, na kwa kuwa alikuwa huko mjini, akapitia kwa muuza aiskrimu akachukua barafu kavu, sanduku zima. Ndiyo kusema mumewe alikuwa anaumwa naye akili iko kwenye chupa. Alijisuta kidogo njiani, kisha akasahau.

Jumamosi mchana alifunga mapazia. Kona yenye giza kuliko zote ilikuwa ile ya ukuta wa funguo, hivyo meza aliisogeza huko. Chupa inahitaji mwanga unaoingia kwa ubavuni, tena kwa chini, na kati ya meza na ukuta palibaki nafasi finyu ambayo mtu mzima hawezi kupenya. Kidoti alipenya. Akapewa kigoda na tochi.

"Shika hivyo hivyo, usitikisike. Mwanga ukicheza hatuoni kitu."

"Sawa, mama."

Mama mkwe alichungulia mlangoni akiwa na ungo wa mchele.

"Karibu mama, njoo uone."

"Nione visivyoonekana? Niache mimi. Huyu mwanangu anaumwa, nyumba giza kama kuna msiba, nyinyi mnaangalia chupa." Akaenda zake uani kuchambua mchele kwenye jua, na Mwalimu na Kidoti wakacheka kimyakimya wakitazamana.

Kitabu kilisema mtu awe mvumilivu. Kilisema baada ya muda utaona uzi mmoja ulionyooka, labda mwingine baadaye, chembe zinazoshuka kutoka juu angani na kupenya dari, na vichwa, na sakafu. Mwalimu alikuwa amejiandaa kungoja. Hakungoja. Mvuke ulipotulia tu chini ya chupa, nyuzi zilianza, na hazikuwa moja wala mbili. Zilikuwa mvua. Nyuzi fupi nyembamba, zimejipinda, zinatokea kwenye kioo chenyewe, zinakatizana, hii haijafutika nyingine kumi zimeshachorwa.

"Mama!" Kidoti alisema. "Mama, ndizo hizo?"

Macho ya Mwalimu yalijaa machozi, na yalikuwa machozi ya furaha, hilo halifichiki. Miaka yote hiyo alikuwa amezichora kwa chaki, akizitetea mbele ya watoto wanaocheka na mume anayetania, na sasa zilikuwa mbele yake, zinamiminika. Aliona kwamba zimepinda wakati kitabu kilisema zinanyooka. Aliona kwamba ni nyingi mno. Akajipa jibu: kioo hiki si sawa na kile cha kitabuni, na spiriti hii ni kali zaidi. Tena, kwa nini asikubali tu kwamba chupa yake ni nzuri kuliko zao? Mtu aliyedharauliwa siku nyingi, sifa ikimjia haiulizi imetoka wapi.

"Zinatoka wapi?" Kidoti aliuliza.

"Juu, mbali sana. Zinatupita saa zote."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Tangu uzaliwe."

"Zinaumiza?"

"Hapana, mama. Zinapita tu, zinaenda zao."

Walikaa hapo mchana kutwa. Kuna wakati Kidoti alisema mkono umechoka na mgongo unamwasha, akaomba atoke kidogo. Mwalimu alikuwa anahesabu nyuzi kwa kunong'ona na hakutaka hesabu ikatike.

"Tulia hapo hapo, karibu nimalize. Wewe ndiye msaidizi wangu. Bila wewe haionekani."

Kidoti akatulia. Alijivunia kazi ile, na mkono wake haukutikisika.

Jumapili walirudia, kwa sababu barafu ilikuwa bado ipo na kwa sababu ilikuwa raha. Safari hii Fundi alijikongoja kutoka chumbani, amejifunga shuka, akaegemea ukuta chini ya funguo zake ili atazame. Alitazama kwa muda mrefu.

"Basi zipo," alisema mwishowe. "Nakuomba radhi, mama Kidoti. Sitakutania tena."

Hakuna neno lililowahi kumfurahisha Mwalimu kama hilo. Jioni yake naye alitapika, na Kidoti alikataa chakula. Mama mkwe alisema homa ya tumbo ya Fundi imeshawaambukiza wote, akachemsha maji ya kunywa na kuyafunika.

Jumatatu Mwalimu alijikaza akaenda kazini, chupa ameikumbatia na barafu iliyobaki imo kwenye sanduku. Darasani walitundika mablanketi madirishani. Wanafunzi wakabanana kuizunguka meza, Wakili mbele kabisa. Mvuke ulitulia. Hakuna kitu. Wakangoja. Mtu mmoja akapiga miayo kwa makusudi.

"Subirini," Mwalimu alisema. "Zitakuja nyingi sana."

Kisha Wakili akapiga kelele. "Nimeiona! Ile pale!" Uzi mmoja, mrefu, umenyooka, ulikatiza chupa na kufutika. Baada ya muda ukaja mwingine. Watoto walishangilia kila uzi. Ilikuwa kama kitabu kilivyosema, neno kwa neno, na mwalimu mwingine yeyote angeondoka hapo anaimba. Yeye alikuwa amekunja uso, anaipangusa chupa, anaongeza spiriti.

"Samahanini," alisema. "Leo imegoma. Nyumbani kwangu ilikuwa mvua, hamwezi kuamini. Hata kuzihesabu huwezi."

"Ah, Mwalimu," Wakili alisema huku akicheka, "kwani nyumbani kwako kuna nini?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye alifungua mdomo acheke, na hapo ndipo damu ilipomwisha mwilini. Chupa ilikuwa ile ile. Spiriti ile ile, barafu ile ile, tochi ile ile. Kilichobadilika ni nyumba. Alisikia swali la yule mtoto likijirudia kichwani, naye akiwa amesimama pale na kitambaa mkononi, na wanafunzi wakaacha kucheka mmoja mmoja walipomwona uso.

Hakuaga. Alichukua chupa na sanduku, akatoka mbio, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya.

Alipofika nyumbani hakuingia moja kwa moja. Alianzia uani. Alijifunika blanketi kichwani pamoja na chupa, akawasha tochi, akangoja. Nyuzi kadhaa. Akaenda jikoni: zaidi. Mlangoni mwa sebule, mvua ile ile ya juzi. Akasogea kuelekea ukuta wa funguo, na chini ya chupa pakawa peupe, hapana uzi unaoweza kutofautishwa na mwingine, ukungu mtupu.

Aliinua blanketi. Mbele ya macho yake kulikuwa na waya ule uliosokotwa, unaning'inia kwenye msumari, unang'aa, na kidonge chake mwishoni. Alikumbuka alikotoka nao Fundi. Kwenye mabomba makubwa kuna watu wanaopiga picha za maungio ya chuma kuona kama yana ufa, na picha hizo hawapigi kwa mwanga wa jua, hupiga kwa mionzi. Alikuwa amelifundisha hilo. Lilikuwa kwenye mtihani wa mwaka jana, swali la mwisho.

Na chini ya funguo, kwenye godoro, Kidoti alikuwa amelala. Bibi yake alisema baadaye kwamba shule ilikuwa imemrudisha mapema kwa kuwa kichwa kilimuuma.

"Tokeni!" Mwalimu alipiga kelele. "Mama! Tokeni wote! Msiguse funguo!"

Alimnyanyua mtoto hivyo hivyo na shuka lake. Alimburuta mumewe kutoka chumbani, yeye aliyekuwa mwembamba na mumewe pande la mtu, na hakujua nguvu alizitoa wapi. Mama mkwe alitii bila kuuliza, jambo ambalo pia halikuwa kawaida. Wakakaa ng'ambo ya barabara chini kwenye vumbi, na majirani wakafikiri kuna moto.

Mwalimu alipiga simu, wakaja watu wenye vipimo vya mionzi na gari lenye sanduku zito la madini ya risasi. Wakakiondoa kile kitu kwa koleo refu, wakiingia kwa zamu, kila mmoja akikimbia kutoka kama anayefukuzwa na nyuki. Baadaye ikajulikana kwamba wenye mabomba walikuwa wamegundua Alhamisi hiyo hiyo kwamba kidonge chao kimechomoka. Walikitafuta mchangani kimyakimya mpaka Jumapili, hawakumwambia mtu, kwa sababu aliyepoteza alimwogopa msimamizi na msimamizi aliwaogopa wakubwa zake. Tangazo moja la redio lingetosha. Hayo ni maneno ya bure sasa, lakini hayaachi kuuma.

Hospitalini aliletwa mtaalamu wa mionzi, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alimpa Mwalimu karatasi.

"Nichoree sebule yako. Kisha uniambie nani alikaa wapi, na kwa muda gani. Tusiongeze wala tusipunguze. Dawa tutakazompa kila mmoja zinategemea hilo."

Mwalimu alichora. Mlango, dirisha, meza, ukuta. Jina lake aliliandika upande wa mbali wa meza. La mumewe aliliandika chumbani kitandani, halafu ukutani kwa Jumapili. Kisha kalamu ikasimama. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yake kwenye benchi, mzima wa afya, yeye pekee, kwa sababu alikuwa uani na mchele wake.

"Na mtoto?" kijana aliuliza.

Aliweka alama kati ya meza na ukuta. Alama ilikuwa imegusana na mstari wa ukuta, hapakuwa na nafasi ya kuiweka kwingine.

"Hapo alipita tu, au alikaa?"

"Alikaa. Kila usiku alilala hapo chini. Na Jumamosi mchana wote. Jumapili pia. Mgongo kwenye ukuta." Akaiweka kalamu chini. "Alitaka kutoka. Mimi nilimwambia atulie."

Kijana aliinamia karatasi akaandika kwa muda. Alisema kidonge kilikuwa kimechoka, nguvu zake zimepungua, ndiyo maana kiliwachukua polepole. Kingekuwa kipya, wasingefika hata Jumapili. Alilisema kama faraja, na pengine hakuwa na faraja nyingine.

Alipoondoka, mama mkwe alimshika Mwalimu mkono.

"Hukujua, mwanangu."

"Nilijua, mama. Kazi yangu ni kujua."

"Kilikuwa kwenye msumari kama funguo nyingine. Mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyekileta."

"Kilikuwa kinaniambia. Mchana kutwa kilikuwa kinaniambia pale kwenye chupa, mimi nikadhani ninasifiwa."

Mama mkwe aliendelea kuushika ule mkono mpaka wauguzi walipokuja kubadilishana zamu.

Fundi alifariki kabla mwezi haujaandama. Paja lilikuwa limeoza mpaka mfupani, na mwisho hakuwatambua watu. Siku moja ya fahamu zake alimuuliza mkewe nani atawarudishia wateja funguo zao, akaambiwa asijali, zitarudishwa. Hazikurudishwa. Zilizikwa kwenye zege pamoja na misumari yake, maana hakuna aliyetaka kuzigusa hata baada ya kuambiwa ni salama.

Damu ya Mwalimu ilipungua, kisha ikaanza kuongezeka. Yeye alikuwa upande wa mbali wa meza.

Kidoti walimweka kwenye chumba cha peke yake, na ukitaka kuingia unavaa joho, barakoa na glavu, kwa sababu mwili wake ulikuwa hauwezi tena kupigana hata na mafua. Nywele zilibaki kwenye mto. Mgongoni ngozi ilikuwa imevimba na kuchubuka kuanzia mabegani, hivyo alilala kwa tumbo, uso ameugeuzia mlangoni. Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwita Mwalimu pembeni. Alimwambia uboho hautengenezi damu tena, kwamba wamejaribu na kujaribu, na kwamba kuanzia sasa watakachofanya ni kumpunguzia maumivu. Mwalimu aliuliza maswali mazuri, ya mtu aliyesoma, akajibiwa yote. Kisha akavaa joho akaingia.

"Mama."

"Nipo, mama."

"Zile zilizonipita ziko wapi sasa?"

"Zimeshatoka. Zilienda zao."

"Kama zimetoka, mbona bado naumwa?"

Kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyeuliza swali hilo, na kila mwaka alilijibu akiwa na chaki mkononi. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Zikipita zinagonga," alisema. "Zinaing'oa elektroni mahali pake. Na elektroni ndizo zinazoshikanisha vitu. Mwilini mwako mna nyuzi ndogo sana zinazouelekeza mwili namna ya kutengeneza damu mpya na ngozi mpya kila siku. Zilikatika, nyingi kwa mara moja."

"Haziungiki?"

"Chache zinaungika."

Kidoti aliwaza. Midomo yake ilikuwa na vidonda na alizungumza kwa taratibu, neno baada ya neno.

"Lakini ulisema haziumizi. Ulisema zinapita tu."

"Nilisema hivyo."

"Ulikosea?"

"Nilikosea, mwanangu."

Mtoto alimtazama kwa mshangao kidogo. Hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno hilo, nyumbani wala mbele ya wanafunzi. Kisha akafumba macho, na Mwalimu akadhani amelala. Mashine ililia pembeni, muuguzi akaingia, akabonyeza kitu, akatoka.

"Lakini tochi niliishika vizuri," Kidoti alisema bila kufumbua macho. "Eti, mama?"

Mwalimu aliweka kiganja chenye glavu juu ya mkono wa mtoto, ule wa kulia, aliokuwa ameshikia tochi.

"Uliishika vizuri sana," alisema. "Hukutikisika hata kidogo."